FAUSTO COPPI: BINGWA WA BAISKELI ALIYEWEKA AKIBA YA NGUVU

Mwenyekiti wa chama chetu alipotangaza kwamba kila mwanachama aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa na wachezaji wa kandanda. Mimi nimemchagua mwendeshaji baiskeli wa Italia. Usicheke kwanza. Nitakueleza sababu.

Sisi wanafunzi wa kutwa tunaotoka upande wa ziwani huja shuleni kwa baiskeli. Tuko sita, na njia ni kilomita 12 kuja na 12 kurudi. Asubuhi si taabu. Jioni ndiyo kilio, kwa maana upepo wa ziwa huwa umekwisha kuamka na hutupiga usoni katika uwanda huu wa Kano usio na kilima cha kuuzuia. Nilipojiunga na kundi hili muhula wa kwanza, nilitaka waone kwamba nami ni wa kuhesabiwa. Basi nikawa nakaa mbele kila jioni, kichwa chini, nakanyaga kufa kupona, na wenzangu wananifuata nyuma kimya kimya kama vifaranga. Wiki ya tatu magoti yakagoma. Nilikuwa nikifika nyumbani nalala na sare yangu, sijala, sijafungua daftari la hisabati. Mtihani wa katikati ya muhula ukanikuta katika hali hiyo. Alama zenyewe naomba tusizitaje hapa, maana baba naye husoma gazeti hili.

Fundi wetu wa baiskeli pale sokoni, mzee anayetutengenezea pancha kwa mkopo, ndiye aliyenitoa gizani. Kwenye ukuta wa kibanda chake amebandika picha kuukuu iliyokatwa gazetini: wanaume wawili wembamba wako juu ya baiskeli wakipanda mlima, na chupa ya maji iko kati ya mikono yao, mmoja akimpa mwenzake. Mzee aliniambia kwamba mmoja wa hao wawili alikuwa hodari kuliko wote wa zama zake, na kwamba hata hivyo hungemwona mbele ya kundi ovyo ovyo. Alijificha nyuma ya wenzake mpaka saa yake ifike. Nikaenda kumtafuta huyo mtu katika vitabu. Jina lake ni Fausto Coppi.

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya Piedmont, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima na yeye alikuwa mtoto wa nne kati ya watano. Usidhani alizaliwa pandikizi la mtu. Alikuwa dhaifu wa mwili, kifua kimechomoza kama cha ndege, miguu myembamba mirefu, na mifupa yake ilikuja kuvunjika mara nyingi sana katika maisha yake. Masomo nayo hayakumpendeza. Alipokuwa na miaka minane hivi aliikuta baiskeli kuukuu yenye kutu imetupwa nyumbani, akaikarabati kadiri alivyojua, kisha siku moja akatoroka shule ili aiendeshe. Mwalimu alimwadhibu kwa kumwandikisha tena na tena sentensi ya kukiri kwamba alipaswa kuwa darasani badala ya kuendesha baiskeli. (Walimu wetu, tafadhali msichukue wazo.)

Akiwa na miaka 13 aliacha shule akaenda kufanya kazi katika bucha mjini Novi Ligure. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Kwa hiyo mazoezi yake ya kwanza hayakuwa ya mashindano, yalikuwa ya riziki: kupanda na kushuka vilima akiwa na mzigo, siku nenda siku rudi. Ami yake mmoja aliyekuwa baharia alimsaidia fedha za kununua baiskeli ya mashindano. Katika mashindano yake ya mwanzo alipata pancha akarudi mikono mitupu. Baadaye, huko Castelletto d'Orba, alishinda peke yake na kutuzwa saa ya kengele ya kuamshia. Zawadi nzuri kwa mtoto wa bucha.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kwa maoni yangu anastahili nusu ya sifa za Coppi, naye ni Biagio Cavanna. Huyu alikuwa bondia zamani, kisha akapofuka macho, akawa mkandaji wa misuli na mwalimu wa waendesha baiskeli pale pale Novi Ligure. Hakuona uso wa kijana hata mmoja, lakini vidole vyake vilisoma mapaja na ndama za miguu kama sisi tunavyosoma ubao. Kwa kumkanda mtu jioni, aliweza kutambua kama kesho atakwenda au atakwama. Aliwalaza vijana wake mapema, akawaamsha mapema, na hakuwa mtu wa mzaha. Wengine wote walikuwa wakifundisha jinsi ya kujikakamua. Cavanna alifundisha pia jinsi ya kurudisha nguvu zilizotoka. Coppi alibaki mikononi mwake karibu maisha yake yote ya mashindano.

Kabla sijaendelea, ni lazima nieleze jambo moja la fizikia, maana bila hilo hutaelewa kitu. Ukiendesha baiskeli kwa kasi kwenye tambarare, adui wako mkubwa si uzito wala barabara. Ni hewa. Wewe unayetangulia unaipasua, na anayekufuata karibu karibu anapita katika tundu ulilokwisha kulitoboa. Yeye hutumia nguvu pungufu kwa kiasi cha robo hivi, hata kufikia theluthi, na mwendo ni ule ule mmoja. Ndiyo sababu waendesha baiskeli huenda kwa kundi na kupokezana zamu ya mbele. Aliye nyuma hajasimama, miguu inazunguka, lakini anapumzika. Ila mlimani mambo hubadilika. Mwendo unakuwa wa pole, hewa haina nguvu tena, na kivuli cha mwenzako hakikufai sana. Huko kila mtu hubeba uzito wake mwenyewe. Kwa ufupi, tambarare ni mahali pa kuweka akiba na mlima ni mahali pa kuitumia. Laiti ningalijua haya muhula wa kwanza!

Mwaka 1940 Coppi alichukuliwa na timu ya Legnano kwa ajili ya Giro d'Italia, yaani mashindano ya kuizunguka Italia. Hakuchukuliwa ili ashinde. Nahodha alikuwa Gino Bartali, bingwa aliyekwisha kushinda Giro mara mbili na pia Tour de France ya mwaka 1938. Coppi alikuwa gregario, ndivyo Waitalia wanavyomwita msaidizi. Gregario humkinga nahodha upepo, humletea maji, humpa gurudumu lake akipata pancha, na akiambiwa arudi nyuma anarudi. Lakini siku za mwanzo tu Bartali aligongana na mbwa akaumia. Kijana Coppi akaanza kupanda katika orodha, na milimani kuelekea Modena akawaacha wote akavaa jezi ya kiongozi.

Sasa sikiliza. Siku moja katika milima ya Dolomites tumbo la Coppi lilimgeuka, nguvu zikamwisha, akasimama kando ya barabara akitaka kuacha. Bartali, nahodha aliyenyang'anywa nafasi na msaidizi wake, alimfikia hapo. Inasimuliwa kwamba alimsugua theluji shingoni na kumkaripia mpaka akapanda baiskeli tena, kisha akamwongoza. Mimi nikijiweka mahali pa Bartali sina hakika ningefanya hivyo. Tarehe 9 Juni 1940 Coppi alimaliza akiwa mshindi, umri wake miaka 20. Hakuna aliyewahi kushinda Giro akiwa mdogo kuliko yeye. Siku iliyofuata, tarehe 10 Juni, Italia iliingia katika vita vya pili vya dunia.

Vita vilimla miaka bora ya ujana wake. Hata hivyo alipata nafasi ya kung'ara: tarehe 7 Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli mjini Milan, alivunja rekodi ya dunia ya kuendesha kwa saa moja kwa kupita kilomita 45 na ushei. Rekodi hiyo ilikaa hadi mwaka 1956 Mfaransa Jacques Anquetil alipoivunja. Kisha jeshi likampeleka Afrika ya Kaskazini, na Aprili 1943 akatekwa na Waingereza nchini Tunisia. Alikaa mateka muda mrefu. Mwaka 1945 alirudishwa Italia, huko Caserta, akawa mtumishi wa ofisa wa Kiingereza, na ndipo alipopata tena baiskeli ya kukanyaga.

Watu walidhani amekwisha. Tarehe 19 Machi 1946 yalifanyika mashindano ya Milan hadi San Remo, karibu kilomita 290 kwa siku moja. Coppi aliondoka na kikundi kidogo asubuhi mapema, wakapokezana zamu, na kwenye mlima wa Turchino akawaacha mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake. Alifika mwisho dakika 14 mbele ya mtu wa pili, Mfaransa Lucien Teisseire. Dakika 14! Mtangazaji wa redio alikosa la kutangaza, ikabidi apige muziki wa dansi wakati wasikilizaji wakiwasubiri wengine.

Huenda utasema, kumbe huyu alikuwa mtu wa kwenda peke yake, mbona unatuambia habari za kundi? Hapo ndipo nami nilipokosea mwanzoni. Nilitazama saa zake za upweke nikasahau saa zilizotangulia. Coppi alipohamia timu ya Bianchi alizungukwa na wasaidizi waliojengwa kwa ajili yake tu. Miongoni mwao walikuwamo Ettore Milano na Andrea Carrea, aliyeitwa Sandrino, vijana wa Cavanna, na mdogo wake mwenyewe, Serse. Asubuhi wao ndio waliopasua hewa. Wao ndio walioshuka kutafuta maji. Yeye alikaa ndani ya kundi, anazungusha miguu, anakula kidogo kidogo. Kwa chakula pia alikuwa tofauti na wazee wa wakati huo waliokuwa wakishindilia nyama kabla ya safari. Yeye alipenda vyakula vyepesi visivyolilemea tumbo. Jioni aliingia kitandani mapema na kukandwa. Kwa hiyo mlima wa mwisho ulipofika, wenzake walikuwa wamebakiwa na senti na yeye ana noti.

Siku inayosimuliwa kuliko zote ni tarehe 10 Juni 1949, kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254, kwenye mashindano ya Giro. Kulikuwa na milima mitano ya kuvuka: Maddalena, Vars, Izoard, Montgenèvre na Sestriere. Coppi alitoka kwenye mlima wa kwanza akaenda kilomita 192 peke yake. Bartali alifika wa pili, karibu dakika 12 nyuma. Wataalamu waliomtazama siku zake kama hizo walisema kwamba hakuonekana kama mtu anayepigana. Alipata mwendo wake akaushikilia, hakurukaruka. Akashinda Giro, na wiki chache baadaye akaenda Ufaransa.

Tour de France ya mwaka huo ilikuwa na hatua 21 na karibu kilomita 4,800. Katika hatua ya kuelekea Saint-Malo Coppi aligongana na Mfaransa Jacques Marinelli, baiskeli ikavunjika. Aliyopewa badala yake haikuwa yake. Akakasirika, akakata tamaa, akataka kwenda nyumbani. Alikwenda siku ile kama mgonjwa, na jioni alikuwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya nusu saa. Usiku huo wenzake na kocha Alfredo Binda walimbembeleza abaki. Kumbuka, mtu huyu ambaye wengi walimwona kama mashine alikuwa mwepesi wa kuvunjika moyo, si mifupa tu. Alibaki. Siku zikapita, akala, akalala, akakandwa. Katika milima ya Alps alitoka pamoja na Bartali, wakasaidiana zamu kwa zamu, na Coppi akamwachia mwenzake ushindi wa Briançon kwa sababu ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, ametimiza miaka 35. Kesho yake Bartali alipata ajali, na Coppi akaruhusiwa kwenda zake. Alishinda Tour kwa karibu dakika 11. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja.

Baada ya hapo ikaja misiba. Mwaka 1950 alivunjika nyonga katika Giro. Tarehe 29 Juni 1951 Serse alianguka karibu na mwisho wa mashindano ya Piedmont. Aliinuka, akapanda baiskeli, akamaliza, akarudi hotelini kwa miguu yake mwenyewe kana kwamba si kitu. Saa chache baadaye damu ilimvuja ubongoni akafariki. Siku chache tu baadaye Fausto alikuwa barabarani katika Tour de France, na huko aliadhirika, siku moja akaachwa na kundi zima. Kuna uchovu ambao mkandaji haugusi.

Lakini mwaka 1952 alirudi akiwa bora kuliko zamani, akashinda Giro na Tour tena. Mwaka huu ndipo penye habari niipendayo kuliko zote, na haimhusu Coppi mwenyewe. Ni ya Sandrino Carrea. Mtu huyu aliwahi kufungwa katika kambi ya Buchenwald wakati wa vita akaponea. Katika hatua ya kuelekea Lausanne aliona kikundi kimechomoka mbele, akajiunga nacho ili kumlindia nahodha wake, kama kazi yake ilivyotaka. Kikundi kilipata muda mwingi. Carrea akamaliza, akaenda hotelini kuoga. Mara akafuatwa, akaambiwa kwamba jezi ya manjano ni yake, yeye ndiye anayeongoza Tour de France. Badala ya kufurahi alilia machozi. Aliogopa kwamba Coppi angedhani amemsaliti. Coppi alipofika akampongeza. Kesho yake mashindano yalipanda Alpe d'Huez kwa mara ya kwanza katika historia, Coppi akashinda hapo na kuichukua jezi ile kwa sekunde chache. Carrea akarudi kubeba maji.

Nimeifikiria sana habari hii. Akiba ile ya nguvu niliyoisifu juu, ilitoka wapi? Haikushuka mbinguni. Kila dakika Coppi aliyopumzika, mtu mwingine alikuwa akipigwa upepo badala yake. Tofauti ya wale na kundi letu ni kwamba Carrea alilipwa mshahara na alijua anachokifanya, lakini sisi wakati ule mmoja alijifanya gregario bila kuambiwa, kwa kiburi tu, na wengine wakanyamaza kwa sababu iliwafaa. Sijui nani alikuwa na kosa kubwa zaidi.

Coppi alishinda Tour hiyo kwa dakika zaidi ya 28. Waandalizi waliona mambo yamekuwa bure wakaongeza maradufu zawadi ya mtu wa pili ili wengine wapate hamu. Na ile picha ya kibanda cha fundi ilipigwa mwaka huo huo wa 1952 milimani Ufaransa. Coppi na Bartali, mahasimu waliogawanya Italia nzima nusu kwa nusu, wanapokezana chupa. Ni nani aliyempa mwenzake? Waitalia wamebishana tangu wakati huo. Fundi wetu anasema ni Bartali. Mimi nimeikodolea macho mpaka yakauma, nasema hapana, ni Coppi.

Mwaka 1953 alikuwa na miaka 33, na Giro ilikuwa imeshikwa na Mswisi Hugo Koblet, kijana mtanashati. Imebaki siku mbili tu, Koblet yuko mbele kwa karibu dakika mbili, na wengi wakadhani Coppi amekubali yaishe. Asubuhi ya kupanda mlima wa Stelvio, Ettore Milano alikuwa na wazo. Inasimuliwa kwamba alimwendea Koblet akamwomba avue miwani ya jua ili wapigwe picha. Koblet akavua. Milano akayatazama macho yale, akaona ni ya mtu ambaye hakulala. Akarudi kumwambia Coppi. Barabara ya Stelvio hufika mita 2,758 juu ya usawa wa bahari, na huko juu kulikuwa na theluji. Coppi akatoka, Koblet akashindwa kumfuata, Giro ikageuka. Ilikuwa Giro yake ya tano. Kuna waliosema ni ujanja usio wa kiungwana. Kwangu mimi jambo la ajabu ni kwamba mashindano ya kilomita elfu kadhaa yaliamuliwa na usingizi wa usiku mmoja. Mwisho wa Agosti mwaka huo akawa bingwa wa dunia mjini Lugano, akamwacha mtu wa pili kwa zaidi ya dakika sita.

Si haki kuficha doa. Coppi mwenyewe hakukana kwamba alitumia vidonge vya kusisimua mwili, kama wengi wa wakati wake, na wakati huo havikuwa vimepigwa marufuku. Vidonge vya namna hiyo haviongezi akiba. Huficha tu kwamba imekwisha, mtu akaendelea kukopa. Tena mwaka 1954 na 1955 habari za ndoa yake zilijaa magazetini na kufika mahakamani, lakini hayo tuyaache.

Wahenga wetu husema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Coppi alikuwa hodari wa kujua ni lini apumzike ndani ya siku moja, na ndani ya wiki tatu, ila hakujua namna ya kuacha kabisa. Mwaka 1955, akiwa na miaka 35, alikosa Giro kwa sekunde 13, akashindwa na Fiorenzo Magni. Hapo angeweza kutundika baiskeli kwa heshima. Hakuweza. Aliendelea mwaka baada ya mwaka, anaachwa na vijana, watu wanamshangilia kwa huruma. Mwishoni mwa 1959, akiwa na miaka 40, alikuwa amekubali kuendesha msimu mwingine katika timu ambayo ingeongozwa na nani? Na Bartali.

Desemba 1959 alialikwa Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, pamoja na Wafaransa kama Anquetil na rafiki yake Raphaël Géminiani. Waliendesha mashindano mjini Ouagadougou kisha wakaenda kuwinda. Usiku mbu waliwala. Waliporudi Ulaya, Géminiani alishikwa na homa kali akapoteza fahamu. Madaktari wa Ufaransa walipopima damu wakakuta malaria, akapewa kwinini, akapona. Coppi naye homa ilimpanda siku za baada ya Krismasi. Jamaa za Géminiani walipiga simu Italia kusema ni malaria. Madaktari wa huko walishikilia kwamba ni ugonjwa wa mapafu, wakamtibu hivyo.

Jamani! Kwetu huku uwandani hata mtoto wa darasa la nne akiona mtu anatetemeka chini ya blanketi mchana wa jua kali anajua aanze na swali gani. Mama yangu angemvuta Coppi mkono mpaka zahanati siku ya kwanza. Mtu aliyekanyaga kilomita elfu nyingi na kuvunjika karibu kila mfupa aliuawa na mbu na kipimo ambacho hakikufanywa. Alifariki katika hospitali ya Tortona asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960.

Walimzika Castellania, kilimani, na maelfu ya watu walipanda kwa miguu kumsindikiza. Amelala na Serse pembeni yake. Mwaka 2019, alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, kijiji kiliongezewa jina kikawa Castellania Coppi. Carrea aliishi hadi mwaka 2013. Géminiani, aliyepimwa damu, alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 99.

Nasi kundi letu la sita tumegawana njia. Kutoka lango la shule hadi kwenye mfereji wa mpunga ni zamu ya kaka wa kidato cha nne mwenye Black Mamba, kwa sababu ana mgongo mpana. Kutoka hapo hadi sokoni ni zamu yangu. Tukifika kwenye kibanda cha fundi hunyoosha mkono wa kulia, napisha, narudi nyuma ya wote, na kwa kilomita nne sisikii upepo.